Umati wa Karatasi

"Video ya Kimani iko kwenye simu ya kila mtu hapa mtaani Landless. Sasa huyu msichana anakatakata karatasi za nini? Katuni ni mchezo wa mtu aliyeshiba."

Wambui, maitu, binti yangu, hayo ni maneno ya baba yako mdogo, Njuguna. Aliyasema Jumapili mbele ya sahani yangu ya mukimo, na kwa kuwa wewe ulinyamaza, na mimi hasira ilinitoa mezani kabla sijamjibu sawasawa, nitamjibu hapa. Kesho unaondoka kwenda Ruiru. Jibu hili nakupa wewe, kwa sababu yeye hasomi kitu kisicho na bei ya misumari juu yake.

Hiyo video nimeiona. Inaonyesha migongo. Inaonyesha gambuti za mtu, mboga zilizomwagika, mkono wenye ubao, na chini kabisa, katikati ya miguu, kipande cha shati la samawati la kaka yako. Mtu aliyeshika ile simu alisimama karibu kiasi cha kuweza kumgusa Kimani, lakini hakumtazama. Alitazama kioo cha simu. Kimani aliuawa kwa muda ambao maharagwe hayawezi hata kuanza kuchemka, na aliyekuwa karibu naye zaidi alikuwa anahakikisha picha haitikisiki. Hiyo ndiyo Njuguna anasema inatosha.

Wewe, ili Kimani wa karatasi wa filamu yako ainue mkono na kusema "ngojeni", unamsogeza kidogo, unapiga picha, unamsogeza tena, unapiga picha. Sekunde moja inakula asubuhi nzima. Unamgusa kiwiko, unamgusa shingo, unainua nyusi zake kwa ncha ya sindano. Umati ule ulimuua upesi kwa sababu hakuna hata mmoja aliyetaka kupoteza wakati kumtazama. Wewe pia huna wakati. Huna pesa, huna taa ya maana, umeme wa ploti hii unakatika tukianza tu kuuamini, na bado umemtazama kaka yako kwa miezi na miezi. Mtu aliyeshiba ni yule aliyetazama ile video, akaituma kwa kikundi cha kanisa na alama ya kulia, kisha akaenda kula.

Nimemaliza na Njuguna. Akikupigia akuambie kwamba nafasi ya kuuza nyuma ya kaunta ya duka lake la hadiwea bado ipo, na chumba cha kulala kipo, bora uache hizo karatasi, mwambie asante. Akikuambia mama yako amekutia sumu, mwambie ni kweli.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, wala za kula, wala za watu wa kuepuka. Hayo unayajua, na usiyoyajua Ruiru itakufundisha bila kukubembeleza. Nataka kukuandikia jinsi tulivyofanya kazi hii mimi na wewe, kwa sababu mimi ndiye niliyekuchelewesha kuliko umeme, kuliko mvua, na sitaki uende na tabia zangu ndani ya mkoba.

Mimi ni mwanamke wa vitabu. Tangu waliponifukuza kufundisha nimeuza vitabu kuukuu hapa Thika, na hakuna kitabu nilichouza kabla sijakisoma na kugombana nacho. Ndiyo sababu nilidhani kila kitu lazima kianze na utangulizi. Nikakwambia filamu ianze na mto Chania, kisha mashamba ya mananasi, kisha viwanda, kisha historia ya ardhi yote hii na waliotunyang'anya, halafu ndipo mtu atoke nyumbani asubuhi. Ukanitii. Msimu mzima wa mvua ulisukuma mto uliotengenezwa kwa mifuko ya nailoni, kidole kwa kidole, juu ya kioo tulichokilaza kwenye stuli mbili, simu yako ikiwa imefungwa juu kwa raba ya tyubu. Ukanionyesha. Maji yalitiririka, na nikalia kwa jinsi yalivyokuwa mazuri.

Ukasema, "Mum, ni maji mazuri. Lakini Kimani hajafika."

Ukayakata yote. Nilikununia wiki nzima. Sasa nakwambia: ulikuwa sawa, na nilijua ulikuwa sawa hata wakati nimekununia. Mwenye pesa anaweza kuanza mbali, azunguke, apotee, arudi. Nyinyi watatu, wewe na wenzako Akinyi na Mutua, mna kompyuta moja, na mchana mtakuwa kazini kwa watu. Anzieni pale ambapo mtu anaumia. Akinyi akitaka kupaka rangi mawingu mwezi mzima, mpokonye brashi.

Halafu nikaleta balaa la pili, la nyuso. Ulisema umati utakuwa vipande sita tu vya katoni, utavigeuza na kuvisogeza vionekane wengi. Nikasema haiwezekani. Nikakaa na mkasi wangu, nikakata majirani wote ninaowatambua kwenye ile video, na wale wasioonekana lakini nina hakika nao. Nilikata pengo la meno la Mama Shiro. Nilikata kichwa cha Otieno kilicholalia upande mmoja. Nilikata kwa chuki tamu, maitu, nikiimba. Hujawahi kunisikia nikiimba hivyo tangu kifo cha Kimani, na uliniacha niendelee kwa sababu hiyo.

Uliponionyesha kile kipande kikitembea, nilipiga makofi. Kisha ukaniuliza, "Mum, ulikuwa unamwangalia nani?"

Nilikuwa nimemtazama Otieno. Nilikuwa nimemtazama Mama Shiro. Mwanangu alikuwa anakufa katikati ya kioo na sikumwona. Nilifanya kama yule mwenye simu. Ukageuza vile vipande nyuma mbele, upande wa katoni tupu wenye maandishi ya sabuni na majani ya chai, bila macho wala midomo, na nikamwona Kimani mara moja, maana yeye ndiye peke yake aliyekuwa na uso.

Sijui nani alikufundisha hilo. Si mimi, wala si mwalimu wako wa Juja aliyesema bila mashine ya maana usijaribu.

Najua unakumbuka lile kofi, kwa hiyo niliandike. Nilikukuta umeketi kitandani na ile video, umeisimamisha, unaisogeza picha moja moja kwa kidole, na rula umeiweka juu ya kioo cha simu. Unapima mkono wenye ubao. Nilikuzaba kofi ukagonga ukuta. Nilitaka kukuzaba tena. Hukulia. Ulishika shavu ukasema polepole, kama mtu anayesoma namba, "Mum, hakuna katikati. Mkono uko juu. Halafu uko chini. Katikati hakuna picha."

Jioni ile ulitengeneza pigo kwa mikono miwili tu ya katoni, mmoja juu, mmoja chini. Hukutengeneza kitu cha kuunganisha. Kazi ambayo nilidhani itatumaliza iliisha kabla chai haijapoa. Uliponionyesha, nilitoka nje, nikafungua mfereji wa maji nikanawa uso, nikanawa tena. Mimi nimeandika kuhusu vipigo katika magazeti na mtandaoni kwa miaka. Nimeandika damu, nimeandika mayowe, nimewaita watu fisi na wachawi. Watu walinijibu kwa matusi, wakalala usingizi. Hakuna aliyetoka nje. Usije ukaona haya kwamba ulikuwa na vipande viwili tu. Ukipewa vipande elfu moja kesho, rudi kwenye viwili.

Ili kusema haki, niandike pia kwamba tulicheka. Mtu akisoma barua hii atadhani nyumba yetu ilikuwa kaburi. Ile siku Otieno alianika blanketi lake jekundu mbele ya dirisha letu wakati unapiga picha, na Kimani akaanza kuwa mwekundu katikati ya hatua. Ukatoka mbio.

"Otieno, toa hiyo blanketi!"

"Bado haijakauka!"

"Kimani anageuka rangi!"

"Basi mwambie akae kivulini!"

Na wewe ukacheka, na mimi nikacheka, na mtu aliyetuchekesha alikuwa katika ile video, upande wa kushoto, mtu wa gambuti. Ndivyo ploti hii ilivyo. Tunachotea maji mfereji mmoja. Ungeniuliza kabla ya kufiwa kama inawezekana kumchukia mtu na kuazima chumvi yake, ningekuandikia makala nzima kusema haiwezekani.

Sasa nifike kwenye sauti, ndiyo sababu ya barua hii, na ndiyo sababu unaondoka kesho badala ya mwisho wa mwezi.

Tulihitaji sauti ya umati. Mutua alikuja na vifaa vyake vya kurekodi, tukatundika mablanketi ukutani, na wewe ukapita mlango kwa mlango ukiita watu. Nilikwambia usiite hawa. Ukaniuliza, "Niite nani, Mum? Sina pesa ya waigizaji. Ninao majirani." Wakaja. Mama Shiro alikuja na unga wa chapati mikononi. Otieno alikuja kabla ya zamu yake ya kiwandani. Wengine walifuata soda na mandazi.

"Wambui, hii ni studio ama mochari?" Otieno akasema. "Hewa hakuna!"

"Nyamaza wewe," Mama Shiro akamjibu. "Ukisikika kwa filamu utataka tukuite mheshimiwa."

"Haya, tupige kelele gani? Ya mpira ama ya kanisa?"

"Ya mwizi," ukasema.

Mmoja akarudisha chupa yake ya soda chini. Kisha Otieno akasema, "Hiyo hatuhitaji kufundishwa," na watu wakacheka, kicheko kifupi kilichokatika chenyewe.

Walianza kwa aibu. Mwizi, huyo, shika. Mutua akawaambia waongeze, wakaongeza. Kisha wakaacha kuigiza. Niliona inavyotokea, nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya mandazi. Mishipa ya shingo ya Otieno ilisimama. "Shika yeye! Piga miguu! Leta tairi!" Blanketi moja likaanguka kutoka ukutani na hakuna aliyeligeukia. Walikuwa wamekutana uso kwa uso katikati ya chumba changu, wakipigia kelele sakafu tupu, kana kwamba kuna mtu amelala pale. Na juu ya sauti zote nikasikia ya Mama Shiro.

"Msimwache aongee! Msimwache aongee!"

Wambui, hayo maneno yamo katika ile video. Mwanamke haonekani, sauti yake inasikika. Kimani alikuwa fundi wa simu mtaani Kamenu, alikuwa anamrudishia mteja simu yake, na simu ile ikalia mfukoni mwake dakika ile ile mwanamke mmoja alipoporwa yake pale njiani, wakadhani ndiyo hiyo. Alikuwa na jina la mteja. Alikuwa na namba. Alihitaji sentensi moja tu. Na mtu alisema asiachwe aongee. Miaka yote hii nilisema sauti ile ni ya nani, na watu wakaniambia uchungu umenipanda kichwani.

Mama Shiro alijisikia mwenyewe. Alifunga mdomo kwa mkono, unga ukabaki kwenye midomo. Watu walipokuwa wanatoka akakushika kiwiko.

"Futa hiyo."

"Gani, Mama Shiro?"

"Hiyo yangu. Futa, nitakupea ingine."

Yaliyofuata unayajua. Mwanawe Brayo alikuja asubuhi, hata salamu hakumaliza. "Mama Kimani, sauti ya mathe ikitoka kwa hiyo katuni yenu, tutaichoma hii nyumba. Ukiwa ndani, shauri yako." Nilichukua panga la kuni nikamwambia aanze na mimi, kwa kuwa mimi nimeshazoea, na nilimaanisha. Ningemkata. Aliona kwamba ningemkata, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi langoni. Halafu jioni, ukiwa umeinama juu ya kazi, jiwe likapita dirishani. Kioo kilipasuka chini ya mikono yako. Nilikukuta unavuja damu toka kwenye kiganja mpaka kiwiko, na unamtafuta kaka yako wa karatasi katikati ya vigae kabla ya kutafuta kitambaa. Alikuwa amekatika kiunoni.

Usiku huo nilisema uondoke. Sikusema kwa sababu naogopa. Nilisema kwa sababu filamu haijaisha.

Lakini jana, ukipanga nguo, ulisema kwamba ukifika Ruiru utaitoa ile sauti. Ulisema kuna sauti za umati za bure mtandaoni, unachukua tu, nani atajua. Niliendelea kukukunjia nguo, nawe ukashangaa. Sikubishana kwa sababu nimekuchosha, na kwa sababu uliniuliza kitu cha haki: kama Brayo anaweza kurusha jiwe kwa ajili ya neno moja, je, neno hilo linastahili?

Nilipata jibu langu jioni hii, ulipokwenda kuaga Kamenu. Mama Shiro alipiga hodi. Alisimama nje, mimi ndani, mlango tumeushika wote wawili.

"Nimesikia Wambui anaenda."

"Brayo ndiye anamfukuza. Muulize."

"Sikumtuma, Mama Kimani. Haki ya Mungu sikumtuma." Akasita. "Nimekuja kuomba kitu. Si kufuta. Nimefikiria sana. Nataka kurekodi tena."

"Kurekodi nini?"

"Niseme, 'Mwacheni aongee.' Hiyo tu. Si ni katuni? Katuni mnaweza kubadilisha, mtu anaweza hata kuruka hewani. Mimi nitasema hivyo, na ibaki hivyo."

"Hukusema hivyo."

"Najua sikusema."

"Sasa?"

"Watoto wa Brayo wataiona siku moja," akasema. "Watajua sauti yangu."

Nilikuwa na maneno mengi. Mimi huwa nayo siku zote.  Mbele yangu alikuwa mwanamke mzee aliyejuta kwa kweli, hilo nakupa bila kulipunguza, na alikuwa ananiomba nimuue mwanangu mara ya pili kwa upole. Nikamwambia, "Kimani pia alitaka kusema kitu." Nikafunga mlango.  Kisha nikamsikia akisema kupitia mbao, bila hasira, "Nitampigia Wambui mwenyewe. Yeye ana roho."

Atakupigia. Na kweli unayo roho, hiyo ndiyo hofu yangu. Brayo na mawe yake simwogopi kama ninavyoogopa simu hiyo. Kurekodi upya kutawagharimu dakika chache. Mutua atainua kile kinasa sauti chake, Mama Shiro atasema maneno mawili, mtalia wote, na mtahisi mmefanya jambo kubwa. Katika kazi kama yenu, ambapo kila kitu ni kigumu na cha polepole, kitu rahisi kikija kinafanana na baraka. Ile sauti ya bure ya mtandaoni nayo ni hivyo hivyo: watu wa mji tusioujua wanashangilia mpira, na Kimani anakufa chini ya shangwe yao. Mtakuwa mmetumia miezi kusogeza kidole chake, halafu mtamwekea wauaji wa kuazima.

Sikuombi umwaibishe Mama Shiro. Kama ningekuwa nimeandika barua hii kabla ya kazi yetu, ningekuomba hivyo, uweke jina lake kwa herufi kubwa, uweke pengo lake, na wewe ungekuwa na haki ya kuichana. Umenifunza. Acha nyuso tupu. Jina lake lisitajwe, wala mlango wake usionyeshwe. Mwenye kujua sauti ataijua, na asiyeijua atasikia mwanamke yeyote wa ploti yoyote, na hiyo ni mbaya zaidi na ni kweli zaidi. Akikupigia simu msikilize mpaka mwisho. Akilia, ngoja amalize. Kama anataka kuniambia kitu mimi, au kumwambia Kimani kaburini, au kusimama kanisani, niko hapa, nitafungua mlango, na siahidi kwamba nitakuwa mpole. Lakini ndani ya filamu amekwisha kusema.

Basi nawadai nyinyi watatu, wewe Wambui, na Akinyi, na wewe Mutua mwenye ile sauti mkononi: kesho mkifika Ruiru, kabla hamjafungua mizigo, iwekeni mahali pake, chini ya mkono wa Kimani ulioinuliwa. Msiifute, msiipunguze, msirekodi nyingine. Mama Shiro aseme alichosema.

Mama yako